Kozi ya wiki tatu Morogoro na mtoto bado ananyonya: nilale chuoni au nichukue lodge mtaani?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni afisa ugani natokea Sumbawanga. Nimechaguliwa kozi ya wiki tatu pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro na ndo mara yangu ya kwanza kwenda kozi ya kulala. Barua ya mwaliko inasema malazi yanapatikana hosteli ya chuo kwa gharama ya mshiriki, ila wenzangu waliowahi kwenda kozi wananiambia nisijifunge chuoni, nitafute lodge ya bei ndogo mtaani nibakize posho. Shida yangu nyingine nna mtoto wa miezi saba bado ananyonya na sitaki kumwachisha kwa sababu ya kozi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuchaguliwa, mana najua maofisini watu wanavyozigombania hizo nafasi. Mimi nimekuwa mratibu wa kozi fupi miaka 16 sasa, na kabla ya hapo nilikaa mapokezi ya nyumba ya wageni ya chuo, mwenye funguo na kitabu cha wageni ndo nilikuwa mimi, kwa hiyo hili suala nimeliona kutokea pande zote mbili za kaunta. Nakujibu moja kwa moja: lala chuoni, na mtoto nenda naye. Ila usilipe hata shilingi kabla hujauliza mambo fulani, na hayo ndo nataka nikueleze kwa kirefu kidogo.

Tuanze na hiyo hesabu ya wenzako mana najua ndo inakuchanganya. Mtu akikwambia lodge ni rahisi anakuwa anakulinganishia bei ya kitanda na bei ya kitanda, basi. Tufanye mfano tu, bei halisi utauliza mwenyewe. Tuseme hosteli ya chuo ni 30,000 kwa usiku na lodge ni 20,000. Wiki tatu, ukiingia jumapili na kuondoka jumamosi ya mwisho, ni usiku 20. Kwa hiyo lodge inakuokolea 200,000. Hela ya maana kabisa, siibezi. Sasa panda bodaboda. Asubuhi 2,000 kwenda, jioni 2,000 kurudi, na wewe una mtoto anayenyonya kwa hiyo mchana lazima urudi na kwenda tena, 4,000 nyingine. Hapo ni 8,000 kwa siku, na siku za darasa ni 15, jumla 120,000. Alafu kozi hizi zina kazi za vikundi jioni, tuseme siku nane tu unarudi chuoni baada ya kula, 4,000 mara nane ni 32,000. Kwenye ile 200,000 umebaki na 48,000. Na hapo sijaweka siku ya mvua ambayo bodaboda hakuna unaita bajaji, sijaweka bando la intaneti, sijaweka kwamba dada wa mtoto akikaa lodge kutwa nzima atanunua chakula cha mtaani mara tatu kwa siku. Hiyo 48,000 ndo bei unayouzia usingizi wako na maziwa ya mtoto wako. Mimi nisingeuza.

Ndo mana washiriki wangu siku zote nawaambia, malazi ya kozi yapimeni kwa miguu. Toka kitandani mpaka kwenye kiti cha darasa ni dakika ngapi za kutembea? Hilo ndo swali la kwanza, bei inafuata. Kozi ya wiki tatu ni kama kufanya kazi shifti mbili, mchana darasani usiku asaimenti, na mtu anayelala dakika tano toka darasani anapata kama saa nzima kila siku ambayo mwenzake anaimaliza barabarani. Kwako wewe hiyo saa ni ya mtoto.

Sasa hapo kwenye umbali kuna mtego wa Morogoro wenyewe ambao watu wengi wanaukanyaga. SUA ina kampasi zaidi ya moja pale pale mjini. Kuna kampasi kuu ya Edward Moringe chini ya milima ya Uluguru, alafu kuna kampasi ya Solomon Mahlangu kule Mazimbu, upande mwingine kabisa wa mji. Barua ikisema tu "SUA Morogoro" hujaambiwa kitu. Unaweza ukalala kampasi moja kumbe darasa lipo nyingine ukajikuta na wewe ni abiria wa daladala kila asubuhi sawa na aliyepanga lodge. Piga simu uulize maneno haya haya: darasa lipo kampasi gani, na chumba kipo kampasi gani. Kozi nyingi za watu wa nje zinapitia kwenye Taasisi ya Elimu ya Kujiendeleza, ile watu wanaiita ICE, wapo toka 1988 na maswali ya aina hii wameshayasikia, usione aibu kuuliza.

Na hii sio ya Morogoro peke yake. Neno "hoteli ya chuo" linabeba vitu vingi tofauti ndo mana mtu akiniuliza ni nzuri au mbaya siwezi kumjibu mpaka ajue ni aina gani. Pale Nairobi barabara ya Thika kuna hoteli ya Utalii ndani ya chuo cha Kenya Utalii kilichoanza 1975 kwa msaada wa Uswisi, ile ni hoteli ya kufundishia, anayekuletea chai ni mwanafunzi anajifunza kazi, kwa hiyo ukimwona ametia sukari wakati umesema usitie mvumilie, anasahihishwa na mwalimu wake aliyesimama pembeni. Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, Kenya, wana hoteli yao ya ARC ndani ya eneo la chuo, unatoka chumbani unaingia ukumbini. Makerere wana nyumba ya wageni ndani ya kampasi kule mlimani Kampala. Alafu kuna hoteli ya Kisumu ambayo ni mali ya Chuo Kikuu cha Maseno lakini ipo katikati ya mji wa Kisumu, na Maseno yenyewe ipo mbali huko kwenye barabara ya kwenda Busia, kwa hiyo mtu akisikia ni ya chuo akadhani atatembea kwenda darasani atashangaa. Na aina ya mwisho ambayo ndo ya kuangalia sana ni hosteli za wanafunzi zinazokodishwa kwa wageni wakati wa likizo. Hizo ndo zimeharibu jina la malazi ya chuo, na nina hakika wenzako waliokukataza waliwahi kulazwa humo.

Nikupe mfano wa kweli, chuo sikitaji. Niliwahi kupeleka washiriki 24 mahali, kwenye simu tukaambiwa vyumba vizuri vya wageni vipo vya kutosha. Tumefika saa mbili usiku kumbe vya wageni ni kumi tu, wengine wanapelekwa bweni la wanafunzi. Vitanda vya deka, godoro jembamba, bafu la pamoja mwisho wa korido. Kuna mzee mmoja mkuu wa idara, amebakiza mwaka mmoja astaafu, akapangiwa kitanda cha juu. Nakumbuka alivyosimama pale na begi lake mkononi anakiangalia kile kitanda, hakusema neno, akauliza tu kwa upole choo kipo wapi maana usiku anaamka mara tatu. Niliumia sana. Usiku ule nilihangaika mpaka saa sita nikampatia chumba changu mimi nikaenda bweni, na toka siku hiyo sipokei tena jibu la "vyumba vipo". Nauliza vingapi, vya watu wangapi, choo ndani au nje, na namtaka anayejibu aniandikie kwa meseji.

Kwa hiyo na wewe uliza: chumba ni selfu au choo cha kushea? Ni cha mtu mmoja au wawili? Kitanda ni cha chini? Hapo kwako ni lazima kiwe chako peke yako mana kuna mtoto na dada, na huwezi kumlazimisha mshiriki mwenzako aamke saa nane usiku mtoto akilia. Na waambie mapema kwamba utakuja na mtoto na msaidizi, usiwafiche ukadhani mkifika mtapenya. Sehemu nyingi wanaandika majina ya wanaolala kwa ajili ya usalama, na jina la dada lisipokuwepo mlinzi wa getini atakuwa na haki ya kumzuia. Wengine watakutoza kidogo kwa mtu wa ziada, wengine hawatakutoza, ila ukisema mapema unapata hata godoro la ziada, ukisema saa tatu usiku hupati.

Swali lingine ambalo watu hawaliulizi kabisa na mimi naliona kubwa: kozi imeangukia wakati wanafunzi wapo au wamefunga? Vyuo vyetu vingi vinafungua Oktoba au Novemba na vinamaliza Julai. Ukienda wanafunzi wakiwepo, chuo kimechangamka, kantini zote zipo wazi, steshenari ya kuprinti ipo hadi usiku, ila maji yanapungua presha asubuhi sababu watu elfu kadhaa wanaoga kwa pamoja, na jumamosi kuna muziki. Ukienda Agosti au Septemba pametulia, unasoma vizuri mtoto analala, lakini sehemu za kula zinabaki moja mbili na zinafunga mapema, jioni ukichelewa mpaka saa moja na nusu unakuta mama anaosha masufuria. Hakuna ulio mbaya hapo, ila unajiandaa tofauti. Wa likizo nenda na birika la umeme na unga wa uji, wa muhula nenda na ndoo yenye mfuniko na uamke saa kumi na moja uoge kabla ya foleni.

Na chakula hicho hicho uliza kozi inabeba nini. Mara nyingi chai ya saa nne na chakula cha mchana vipo ndani ya ada, asubuhi na usiku unajitegemea. Hakikisha usije ukalipia mara mbili. Kama mwajiri au mwandaaji analipia malazi na chakula chote, posho yako inaweza ikapunguzwa, na hilo muulize mhasibu wa halmashauri KABLA hujaondoka, sio ukirudi. Nimeona watu wanadaiwa kurudisha hela waliyokwisha kula. Na kama ofisi imekupa masurufu, yaani hela ya safari unayotakiwa kuitolea hesabu ukirudi, kila rishiti iweke kwenye bahasha moja toka siku ya kwanza, mana mwezi wa pili huwezi kumrudia mtu wa mapokezi kumwambia nitafutie rishiti ya tarehe fulani.

Kwenye malipo nikazie hapa. Vyuo vya umma Tanzania vinapokea hela kwa kontroli namba. Unapewa namba, unalipa kwa simu au wakala wa benki, unapata meseji, mwisho wa habari. Mtu akikwambia "nitumie tu kwenye namba yangu nikushikie chumba", hata akiwa mpole kiasi gani, mwambie ahsante nasubiri kontroli namba. Kwanza hiyo hela haishikilii kitu, pili ukifika yeye ana zamu ya mapumziko na jina lako halipo kitabuni. Nilipokuwa kaunta nimewapokea watu wa hivyo, wamesafiri siku nzima, wananionyesha meseji ya mwamala wenye jina la mtu binafsi, na mimi chumba sina cha kuwapa.

Ukishafika, kabla hujafungua begi, kagua chumba ukiwa na mtu wa mapokezi hapo hapo mlangoni. Fungua bomba, vuta maji chooni, washa feni, chomeka simu kwenye kila soketi. Angalia chandarua kama kina tundu, na kama kinafika mpaka chini ya godoro, mana Morogoro mbu wapo na mtoto wa miezi saba malaria haimwonei huruma, mimi ningebeba chandarua changu cha mtoto kabisa. Angalia kitasa kinafunga kwa ndani. Angalia taa ya kusomea, na hapa ndo vyumba vingi vinakwama, taa moja tu darini yenye mwanga hafifu na meza imewekwa kona ambayo ukikaa unajitia kivuli mwenyewe. Ekstensheni ya mita tano na taa ndogo ya kuchaji vimewahi kuokoa asaimenti nyingi kuliko unavyofikiri. Ukiona kasoro sema saa ile ile, kwa heshima, mwombe akubadilishie. Siku ya kwanza kubadilishiwa chumba ni dakika kumi, siku ya nne tayari watu wamejaa.

Intaneti usiitegemee kwa kusikia tu "waifai ipo". Vyuo vingi vina mtandao wa eduroam ambao unaingia kwa akaunti ya chuo chako, mwalimu wa chuo kingine akifika simu inashika yenyewe, wewe wa halmashauri huna hiyo akaunti. Omba akaunti ya mgeni siku ya kwanza kwenye usajili, na waulize kama inafika vyumbani au inaishia madarasani. Bando liwepo la akiba.

Sasa mtoto, mana najua ndo linakunyima usingizi. Wala usijione unaleta usumbufu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, masaa yasiyozidi mawili kwa siku. Kozi uliyotumwa na mwajiri wako ni kazi, hujaenda matembezini. Mwandikie mratibu wa kozi mapema, kwa upole tu, kwamba utakuwa unatoka kidogo kunyonyesha, ili mwezeshaji asikushangae. Na ukilala ndani ya kampasi utakuta huhitaji hata kutoka sana katikati ya kipindi. Unanyonyesha saa moja na nusu asubuhi kabla ya darasa, chai ya saa nne unakimbia chumbani, mchana unakula na mtoto, chai ya saa tisa au saa kumi unaenda tena. Miezi saba ameshaanza uji na mtori, katikati dada anampa. Hiyo ratiba inawezekana kwa miguu, kwa bodaboda toka Msamvu kule stendi ya mabasi haiwezekani, hata uwe na hela.

Ukikamua maziwa, kwenye chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 25 yanakaa masaa manne, kwenye friji siku nne. Lakini miezi ya joto Morogoro mchana inapita 30, kwa hiyo bila friji usiyaweke yakae. Waulize kama mapokezi au jikoni wana friji ya kuhifadhia, ukipewa andika jina na saa kwenye chupa kwa tepu. Nimewahi kuwa na mshiriki toka Kigoma alikuja na mtoto wa miezi mitano. Wapishi wa kantini walimpenda yule mtoto mpaka wakawa wanamchemshia vyombo vyake kila asubuhi kwenye sufuria lake peke yake, wamelifunga kitambaa cha kijani mpini ili mtu asilichanganye. Mama yake alimaliza kozi na alama za juu kuliko wengi. Wafanyakazi wa malazi ya chuo ni watu wanaokaa na watoto wa watu mwaka mzima, ukiwasalimia vizuri na kuwaambia shida yako wanakuwa ndugu.

Jambo la wanawake kwa wanawake. Kozi ina watu wazuri wengi, ila kuna wachache wanaodhani mtu akiwa mbali na nyumbani basi mambo mengine yanaruhusiwa. Mlango wako usiku haufunguliwi kwa mtu anayekuja "kuchukua noti", noti zinachukuliwa mesi mbele za watu. Namba ya chumba usiitangaze kwenye grupu la WhatsApp. Na ikitokea mtu mwenye uwezo wa kukupa au kukunyima alama au cheti akaanza kutaka mengine, hiyo inaitwa rushwa ya ngono na ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, TAKUKURU wanapigiwa 113 bure. Nakuambia sio kwa kukutisha, nakuambia kwa sababu mimi kozi yangu ya kwanza sikuambiwa na mtu.

Ila nikwambie sababu nyingine inayonifanya niwatetee sana hawa wanaolala chuoni, na hii haionekani kwenye hesabu ya hela kabisa. Nusu ya kozi inafanyika usiku. Mwaka fulani nilikuwa na kozi ya upangaji bajeti za kilimo, wamechanganyika maafisa ugani na wahasibu. Mchana kutwa wanabishana, mhasibu mmoja anasema gharama ya mbegu mliyoandika ni kubwa sana, afisa ugani anasema ndo hiyo hiyo, mwezeshaji kajitahidi hawajaelewana. Jioni nikapita mesi kama saa tatu, nikawakuta wale wale wawili na wengine watatu wamezunguka meza, katikati kuna hindi la kuchoma. Yule afisa ugani amepukuchua punje, anazipanga juu ya meza kwa mstari, anamwambia mhasibu hapa toka mstari mpaka mstari ni sentimita 75, toka shimo mpaka shimo 30, mmea mmoja mmoja, sasa wewe niambie hekta moja ina mimea mingapi. Mhasibu katoa kalkuleta ya simu, kapiga, kanyamaza, kapiga tena. Elfu arobaini na nne na kitu. Akaangalia zile punje mezani, akasema "kumbe". Alafu akachukua karatasi ya bajeti akaanza kuisahihisha mwenyewe. Wale wanne waliokuwa wanalala mjini wakati huo walikuwa wameshaondoka toka saa kumi na moja. Kesho yake asubuhi ikabidi wafafanuliwe upya, na bado hawakuipata kama walioziona punje.

Wewe kama afisa ugani ndo mwenye punje hapo. Una vitu vya kuwafundisha wenzako na wenzako wana vitu vya kukufundisha, na muda wa kupeana ni kati ya saa mbili na saa nne usiku wakati mtoto ameshalala na dada yupo chumbani. Ukiwa lodge hiyo nafasi huna.

Je kuna wakati lodge ni bora? Upo. Kama wamekupa bweni la vitanda vya deka na choo cha kushea na hawana chumba kingine, kama darasa lipo kampasi moja na malazi nyingine, au kama chumba hakiruhusu mtoto, basi tafuta lodge, lakini itafute ya karibu na geti la hiyo kampasi yenye darasa. Mtu aliyekupangia Msamvu kwa sababu ni karibu na stendi amekupangia kwa ajili ya siku mbili za safari akasahau zile kumi na tisa za katikati.

Wikiendi pumzika jamani, usizimalize kwa safari za Dar kwa sababu tu treni ya SGR imerahisisha. Nenda mara moja ukitaka, nyingine kaa na mtoto ufue nguo na usome. Ukipata jumapili jioni tembea Mazimbu. Pale ndo palikuwa na shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini toka 1978, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979, na 1992 wakatukabidhi majengo yakawa ya chuo. Makaburi ya waliofia pale yapo mpaka leo. Kuna utulivu fulani ukitembea pale na mtoto mgongoni.

Safari yako sasa. Sumbawanga mpaka Morogoro haipungui kilomita 900, unapita Tunduma, Mbeya, Iringa, unakatiza mbuga ya Mikumi ndo unaingia Msamvu. Kwa mtoto wa miezi saba usiibebe kwa siku moja, lala Mbeya, na ingia Morogoro jumamosi badala ya jumapili ili mtoto apate siku ya kuzoea chumba kabla hujamwacha na dada. Huo usiku mmoja wa ziada uongeze kwenye ile kontroli namba, kwa hesabu yangu ya pale juu unakuwa na usiku 21.

Kesho asubuhi piga simu ya kwenye barua. Kama hawapokei andika meseji hivi: "Habari za kazi. Mimi ni mshiriki wa kozi ya tarehe fulani toka Sumbawanga. Naomba chumba selfu cha mtu mmoja kwa usiku 21, nitakuwa na mtoto wa miezi 7 na msaidizi wake. Naomba kujua darasa na chumba vipo kampasi gani, bei kwa usiku, na kontroli namba." Wakijibu, hiyo meseji iprinti, iweke pamoja na barua ya mwaliko na kadi ya kliniki ya mtoto kwenye pochi unayoishika mkononi, isiende kwenye begi la buti la basi, mana mkifika usiku mlinzi wa getini karatasi ndo kitu cha kwanza atakachokuuliza.